Mshauri nasaha kaniuliza kama mume wangu amerudi na mimi sijawahi kuolewa, nimvumilie au nitafute mshauri mwingine?

cherehani_ya_mguu

Wakuu habarini. Naandika hapa kwa sababu nyumbani nikifungua mdomo swali la kwanza litakuwa "kwani una nini?" na hilo ndo swali lenyewe nisiloweza kulijibu.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Morogoro, miaka 34, mtoto mmoja. Tangu mwezi wa pili nimekuwa sio mimi. Sio kwamba nalialia, hapana, ni kwamba asubuhi nakaa mbele ya cherehani, uzi nimeshatunga, mguu upo kwenye pedali, halafu nashtuka saa sita imefika na sijashona hata mshono mmoja. Nguo za watu 11 zimening'inia ukutani zinaniangalia. Simu za wateja sipokei. Usingizi unakata saa nane usiku, nabaki natazama dari mpaka adhana. Dada yangu ndo akanikokota hospitali, kule nikapewa yale maswali tisa ya karatasini, kwa wiki mbili zilizopita umekosa hamu ya kufanya mambo mara ngapi, umejiona hufai mara ngapi, nikapata 17 kati ya 27. Daktari akasema ni sonona, tena sio ndogo, akaniandikia fluoxetine kila asubuhi na akanielekeza chumba cha ushauri nasaha kila wiki.

Vidonge nameza. Shida ipo huko chumbani.

Mshauri mwenyewe ni kaka wa makamo, mstaarabu, hana neno baya hata moja. Ila haniangalii. Anaandika. Mezani kuna faili langu, kalenda ya mwaka jana na toilet pepa nzima nzima kwa ajili ya watakaolia, sasa ukiiona ile unajisikia kama unadaiwa machozi. Nikianza kuongea anasema "mmh" huku kalamu inakwenda. Simu yake mlio wake ni kwaya, ikilia anasema samahani kidogo, anatoka nje, anarudi "enhe tulikuwa wapi?" na mimi sikumbuki tulikuwa wapi.

Sasa wiki hii, kikao cha nne, kafungua faili kaniuliza, "Vipi mama, yule mumeo alisharudi?"

Mimi sina mume. Sijawahi kuwa naye. Baba wa mtoto tuliachana mtoto hajaota meno.

Na mnajua nilifanyaje? Nilimjibu. Nikasema ndiyo, amerudi. Akaandika! Nikatoka pale nikapanda daladala nacheka peke yangu kama chizi, kufika Msamvu kicheko kikageuka kilio, konda akanirudishia mia tano yangu.

Swali langu ni hili: huo ukaribu na mshauri una maana yoyote kwenye kupona au mi nadeka tu? Kwa sababu dada yangu anasema unafata dawa hufati urafiki, fundi bomba anakutengenezea bomba hata kama hampendani. Kuna dada mwingine anasifiwa sana lakini huyo ni kwa kulipia, elfu 40 kwa saa, hiyo ni magauni mawili. Na kubadilisha si itaonekana dharau?

Kitu kingine ambacho sijamwambia mtu. Katika yale maswali tisa, lile la mwisho nilijibu hapana na haikuwa kweli. Ila siwezi kumwambia hilo mtu anayedhani nina mume.

---

mzee_wa_kete

Pole binti. Ila na mimi niseme langu. Siku hizi mnalipia maongezi. Bibi zetu walizika watoto watatu watatu na hawakuwa na mshauri wala karatasi ya maswali. Funga hiyo ofisi wiki mbili nenda kijijini, kula ugali wa moto, lala, rudi. Na vidonge hivyo kuwa navyo makini vitakuzoesha.

---

daftari_la_kaunta

Mzee heshima yako ila hapo kijijini mi nilienda. Nilikaa miezi miwili na nilichofanya ni kuwa na sonona penye hewa nzuri.

Dada cherehani nimepita huko, mimi mwanaume, Dodoma, nilikuwa nauza duka la vifaa vya ujenzi. Nimepitia washauri watatu kwaiyo naongea kama mteja mzoefu. Wa kwanza alikuwa kijana msomi kweli kweli, ila kila nilichosema alikuwa na jibu lake tayari, nikisema sipati usingizi ananiambia usinywe chai jioni, nikisema najiona mzigo kwa familia ananiambia hapana wewe sio mzigo. Sasa ukishaambiwa wewe sio mzigo mazungumzo yanaendelea vipi? Yamekwisha. Nikawa naenda namwambia naendelea vizuri, ananisifia, natoka. Wa pili alinianzishia maombi bila kuniuliza. Mi sina tatizo na maombi, lakini nilikuwa nimekuja kusema nilikula hela ya marehemu kaka yangu na mtu kashafumba macho anaombea roho ya huzuni initoke.

Wa tatu ni mama mmoja, mtu mzima, nusu ya muda alikuwa kimya. Siku moja alichelewa dakika 40, mi nipo kwenye benchi nahesabu vigae. Alivyonikaribisha nikasema hamna shida mama. Akanitazama akasema, "Umekaa nje dakika 40 na hamna shida?" Nikasema hamna. Akanyamaza. Mimi na yeye tumenyamaza pale, fundi mmoja nje anakata bati. Halafu sijui kitu gani kilinipata nikamwambia nimekasirika, nimekasirika sana, na nimekasirika kila siku ya maisha yangu tangu msiba na hakuna hata mmoja ninayemwambia. Nilitegemea atajitetea, foleni, sijui mgonjwa wa dharura. Hakujitetea. Alisema una haki, nimekukosea, halafu akauliza hayo mengine ni ya nani.

Kwa mahesabu yangu nilianza kupona siku ile na sio siku niliyoanza dawa, ingawa dawa nilikuwa nakula pia na sijui kugawanya kipi kilifanya nini. Cha kushangaza huyu mama sikumpenda. Hata leo nikikutana naye sokoni sijui tungeongea nini. Ila nilimwambia ukweli na dunia haikuanguka.

---

nesi_wa_zamu

Nimesoma uzi wote. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, mwaka wa 12 sasa kazini. Nianze na la haraka: cherehani, lile swali la tisa ni la mtu kuwaza kwamba bora angekufa au kujidhuru. Nakuuliza wazi na usione vibaya. Kwa sasa hivi ni mawazo tu yanapita au una mpango? Kama una mpango usisubiri kikao cha wiki ijayo wala majibu yetu hapa, nenda hospitali leo hii, dharura, na dada yako awe pembeni. Na kama ni mawazo tu bado lazima mtu mmoja wa karibu ajue kabla ya kulala. Kumuuliza mtu hakumtii wazo kichwani, hiyo hofu ya watu wengi haina ukweli.

Nasubiri unijibu kwanza.

---

cherehani_ya_mguu

Sina mpango nesi. Ni ile natamani nisiamke, sio zaidi ya hapo. Nimemwonesha dada uzi huu sa hivi, kasoma mpaka mwisho, hajasema kitu, kalala chumbani kwangu na amechukua nusu ya kitanda.

---

nesi_wa_zamu

Ahsante. Mwache achukue nusu.

Sasa swali lako. Hudeki. Hilo la uhusiano wa mshauri na mgonjwa limepimwa miaka mingi, ni miongoni mwa vitu vilivyopimwa kuliko vingine kwenye tiba ya mazungumzo. Mwaka 2018 Christoph Flückiger na wenzake walikusanya tafiti 295, wagonjwa zaidi ya 30,000, wakakuta pale uhusiano unapokuwa mzuri matokeo nayo huwa mazuri. Sio kwa ukubwa wa ajabu, ni kama asilimia 8 ya tofauti za matokeo kati ya mgonjwa na mgonjwa, lakini ilijirudia kwa kila aina ya tiba, iwe ana kwa ana au hata kwa intaneti.

Ila mnisikilize kwenye neno "uhusiano" kwa sababu hapa ndo watu wanapotea. Mwanasaikolojia Edward Bordin mwaka 1979 alisema uhusiano huo una vipande vitatu. Kimoja ni kukubaliana tunataka kufika wapi. Cha pili ni kukubaliana tunafikaje, yaani kazi gani tunafanya humu ndani na nyumbani. Cha tatu ndo kile mnachokiita ukaribu, kuaminiana. Dada yako na fundi bomba wake yupo sahihi nusu, hamhitaji kupendana. Lakini fundi bomba lazima mkubaliane bomba lipi linavuja, na wewe wako anatengeneza bomba la nyumba ya jirani.

La fundi bomba nimalizie na hili, mimi hunishangaza mpaka leo. Miaka ya 80 taasisi ya afya ya akili ya serikali ya Marekani ilifanya jaribio kubwa la sonona, wagonjwa 250, wakawagawa makundi manne. Mawili ni ya mazungumzo ya aina tofauti, moja la dawa inaitwa imipramine, na moja wanapewa kidonge kisicho na dawa ndani, ila hayo makundi ya vidonge nayo yalikuwa yanaonana na daktari kila wiki anawasikiliza kidogo. Mwaka 1996 Janice Krupnick na wenzake wakatoa majibu: uhusiano ulitabiri nani atapata nafuu kwenye makundi YOTE, hadi kwa wale wa dawa, hadi kwa wale wa kidonge kitupu. Halafu 2006 wengine wakarudi kwenye data zile zile wakaangalia madaktari walewale waliokuwa wanagawa vidonge, wapo tisa tu, wakakuta tofauti kati ya daktari na daktari ilikuwa kubwa kuliko tofauti kati ya dawa na kidonge kitupu. Madaktari wazuri walipata matokeo mazuri na kidonge kitupu kuliko madaktari dhaifu wenye dawa mkononi. Madaktari tisa ni wachache, usiende kujengea nyumba juu yake. Lakini kila nikigawa dawa dirishani huwa nalikumbuka.

Na ili nisiwe muuza sabuni: kuna wanaosema hii ni kuku na yai. Mtu akishapata nafuu kidogo ndo anaanza kumpenda mshauri wake, sio kinyume chake. Mtafiti Robert DeRubeis ni mmoja wa waliolisema hilo kwa nguvu. Baadaye watu wakapima kikao kwa kikao wakaona vinavutana pande zote mbili, nafuu inaleta ukaribu na ukaribu unaleta nafuu. Kwaiyo na wewe kumbuka sonona yenyewe inapaka rangi. Mtu mwenye sonona akiona mshauri kapiga mwayo anajua ndo hivyo, amenichoka, kumbe mwenzie hakulala. Sisemi la mume ni rangi. La mume ni kosa, alichanganya faili, na mtu anayeona wagonjwa 20 kwa siku hilo hutokea na bado ni kosa.

Ushauri wangu: mpe nafasi moja. Usiende na hasira ya kutunga, nenda na maneno mafupi. "Wiki iliyopita uliniuliza kuhusu mume. Mimi sina mume. Nikakujibu amerudi kwa sababu niliona aibu kukusahihisha." Halafu nyamaza umtazame. Kuna watafiti wawili, Safran na Muran, kazi yao yote ilikuwa hii ya uhusiano kuchanika katikati ya tiba na namna ya kuushona, na inaonekana pale unaposhonwa vizuri mgonjwa anafaidika sana. Wewe fundi utanielewa, mshono kufumuka sio nguo kuharibika. Akijitetea, akikucheka au akikukaripia, basi omba mwingine. Ni haki yako, hospitali nyingi utaratibu upo, na sio dharau. Sisi wenyewe tunajua hatuwezi kumfaa kila mtu.

Mzee wa kete: fluoxetine sio dawa ya kulevya mzee wangu. Inachukua wiki mbili hadi nne au zaidi mtu kuhisi tofauti, na haitakiwi kuachwa ghafla bila daktari, ila uraibu hapana.

---

cherehani_ya_mguu

Nesi inategemea kitambaa. Pamba ikifumuka unashona. Satini ikifumuka matundu ya sindano yanabaki na yanaonekana hadi harusini. Sijui mimi ni kitambaa gani.

---

nesi_wa_zamu

Haha. Hapo umenishinda.

---

wambo_umoja

Hello kutoka Nairobi, naomba nichangie upande ule mwingine juu naona wote mnasema ukaribu ukaribu.

Mimi nilikuwa na kaunsela tulielewana mpaka basi. Tulikuwa rika moja, tunacheka, ananielewa nikianza tu sentensi, nikiingia ananiambia eh hizo nywele zimekutoa vizuri. Nilienda kwake karibu mwaka mzima. Dipresheni ilikaa pale pale. Vile nilikuja kugundua ni kwamba hakuna siku tuliwahi kuulizana tunafanya nini hapa. Nilikuwa naingia na stori ya boss, tunamsengenya boss saa nzima, natoka nikijisikia mwepesi, ikifika Jumatano niko kitandani tena na sinki imejaa vyombo. Na sikutaka kumwambia haisaidii, juu nilikuwa nampenda, ningemuumiza. Yaani nilikuwa nalipa pesa zangu kulinda hisia za kaunsela.

Huyu wa sasa ni mkavu kiasi, lakini sesheni ya kwanza aliniuliza nitajuaje nimepona, nikabaki mdomo wazi. Nikasema, nitakuwa naosha vyombo siku ile ile. Akaandika hiyo kama lengo, vyombo! Tukaanza na kikombe kimoja. Nilimchukia kidogo na ile kikombe chake. Lakini kila wiki ananiuliza kikombe, na kama sijaosha haniambii pole wala hanigombezi, anataka kujua nini ilitokea ile dakika nilipokuwa naelekea jikoni.

Kwa hivyo hao vipande vitatu vya nesi ni kweli. Mimi nilikuwa na kimoja tu, na ndicho kile kitamu.

---

mzee_wa_kete

Nesi nimekusoma na la dawa nimelikubali. Lakini hujanijibu la bibi zetu. Hawakusoma vipande vitatu vya huyo bwana na waliishi.

---

nesi_wa_zamu

Mzee bora umelirudisha kwa sababu bibi wana nafasi yao kwenye habari hii.

Kule Harare kuna daktari wa akili, Dixon Chibanda, mwaka 2006 alianza mpango na bibi 14. Bibi kweli, wahudumu wa afya wa jamii, watu wazima wa mtaani. Wakawekewa benchi la mbao nje ya zahanati, mgonjwa anakaa na bibi wanaongea. Na hawakutumia neno la kizungu la sonona, walitumia la Kishona, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2016 wakatoa matokeo ya jaribio lao la watu 573, waliokaa benchini walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sasa wazo hilo limefika hadi Zanzibar.

Ila bibi wale hawakukaa tu kupiga soga mzee. Walifundishwa. Mgonjwa anataja matatizo yake yote, anachagua moja, wanatafuta hatua moja ya kulifanyia kazi, anarudi kueleza ilikuwaje. Ni kile kikombe cha wambo.

Na Uganda kabla ya hapo, wilaya za Masaka na Rakai, vijiji 30. Waliendesha vikundi vya wiki 16, wanawake kwao wanaume kwao, na kiongozi wa kikundi alikuwa mtu wa huko huko aliyefunzwa wiki mbili tu. Majibu yalitoka 2003: kwenye vijiji vya vikundi waliobaki na sonona mwishoni ni asilimia 6.5, kwenye vijiji vingine asilimia 54.7. Kwaiyo cheti sio kila kitu, hapo nakuunga mkono. Lakini bibi yako aliyezika watoto watatu, mzee, una uhakika hakuumwa? Au hakuna aliyemuuliza?

---

mzee_wa_kete

Mama yake mama alikuwa hatoki ndani msimu wa mvua. Kila mwaka. Tuliambiwa bibi anaumwa miguu.

---

tokea_uvira

Salamu ndugu zangu wote. Miye niko Iowa, Marekani, nilitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Hapa sisi tuna shida ingine juu ya hii habari, ni luga.

Walinipatia daktari wa mazungumzo muzungu, mama muzuri, anakutazama machoni kabisa, hata sana. Lakini katikati yetu kuna mukalimani kwenye simu. Miye ninasema maneno dakika tatu juu ya mutoto wangu alibaki njiani, mukalimani anasema sentensi moja. Ninajiuliza ingine ilienda wapi. Na kisha ninamusikia huyu mukalimani anakohoa, ninajua ile kikohozi, ni mutu tunasali naye! Toka siku ile niliongea habari ya kazi na baridi tu. Ile mama aliandika kwamba ninaendelea vizuri.

Mwaka mwingine walinitafutia mushauri anayeongea Kiswahili, kwa video, yuko jimbo la mbali, hatujuani na hatuna mutu wa katikati. Siku ya kwanza alinisalimia akauliza nimeamkaje, akangoja kweli jibu. Nililia mbele ya simu ya mukononi. Huyu hakuwa na masomo mingi kuliko yule mama. Lakini miye nilijua njo neno langu limefika lote.

Dada wa cherehani, wewe uko na mutu wa luga yako na chumba chenye mulango. Ile ni kitu. Mwambie hauna bwana.

---

daftari_la_kaunta

Dada leo si ndo kikao? Tupo hapa.

---

cherehani_ya_mguu

Nimerudi wakuu. Poleni kwa kuwaweka, kikao kilikuwa juzi ila nilihitaji siku mbili za kukaa nacho.

Nilienda. Kwenye benchi nje nilirudia maneno ya nesi kama mtoto anayekwenda kukariri shairi. Nikaingia, kafungua faili, kabla hajauliza chochote nikasema kaka samahani naomba niseme kitu. Mimi sina mume. Nilikujibu amerudi kwa sababu niliona aibu kukusahihisha.

Kalamu ikasimama. Akafunua faili nyuma, akafunua tena, akasoma kwa kidole. Mimi moyo unapiga, nikaona sasa huyu ataniambia mbona hukusema. Akaweka kalamu mezani, mara ya kwanza naiona mezani, ina meno imetafunwa kifuniko chote. Akasema, "Nimekuchanganya na mtu mwingine. Samahani sana." Kisha akakaa kidogo akauliza, "Ulivyonijibu amerudi, ulikuwa unanionea huruma mimi?"

Sikutegemea hilo. Nikasema ndiyo. Nikasema mi watu wote ndo nawajibu hivyo, mteja akiniuliza gauni limeisha namwambia bado vifungo tu, kumbe hata halijakatwa. Akauliza na karatasi ya maswali, nayo uliijibu hivyo?

Basi nikamwambia la tisa.

Hakushtuka. Aliniuliza kama nesi alivyoniuliza, taratibu, una mpango, nani anajua, usiku ukiwa mbaya unafanya nini, tukaandika kwenye karatasi moja nani nitampigia wa kwanza na nani wa pili, nikaambiwa vile vidonge akae navyo dada awe ananipa. Halafu akaniuliza lile la wambo, nitajuaje nimepona. Nikasema ukuta wangu ukiwa mtupu. Akacheka. Tukakubaliana kazi ya wiki sio nguo 11, ni mikono miwili ya gauni moja, na nimpigie mteja mmoja nimwambie ukweli kwamba nilikuwa naumwa.

Simwongopei mtu hapa, bado sijamzoea. Anaongea kama anasoma taarifa ya habari, na kuna sehemu alinipa mfano wa ndege kwenye tundu sikuuelewa mpaka leo. Yule dada wa elfu 40 namba yake bado ninayo kwenye simu sijaifuta. Wiki mbili hivi nitaona. Tokea uvira maneno yako niliyabeba hadi ndani ya chumba, ubarikiwe huko kwenye baridi. Mzee wa kete nimemuwaza sana bibi yako.

Katikati ya kikao kwaya ililia. Aliigeuza simu kifudifudi bila kuitazama ni nani.

Nguo zimebaki tisa. Kama kuna mteja wangu humu na ameshanitambua, lile gauni la kitenge la send off lipo tayari, na vifungo safari hii ni kweli vimeshonwa.